Mkurugenzi Aliyeishi kwa Shida za Watu

Mkurugenzi wetu alikuwa na viatu vya wageni. Vilikaa kwenye droo ya chini ya kabati la mafaili, ndani ya mfuko wa salfeti: viatu vyeusi vilivyochanika pembeni, kisigino kimoja kimelika kuliko kingine. Siku za kawaida alivaa mokasini za kahawia, safi. Siku ya mfadhili kufika aliwahi ofisini, akafunga mlango, akabadili. Mara ya kwanza nilipomkuta akifunga kamba za vile vya wageni, hakuona haya hata kidogo.

"Mgeni anaanza kukutazama kutoka chini kwenda juu," aliniambia. "Akifika usoni ameshaamua."

Nilicheka. Nilikuwa na wiki mbili kazini, na nilidhani nimepata bosi mcheshi.

Nilifanya naye kazi miaka sita, ofisi ikiwa nyumba ya kupanga pale Tarime mjini, upande wa barabara ya kwenda Sirari. Shirika letu lilihudumia wajane na familia maskini, kuanzia vijiji vya jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu hadi kule Serengeti, mpakani na hifadhi. Kwenye mkataba niliitwa afisa kumbukumbu. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda kwa watu wenye shida, kusikiliza, kupiga picha, na kurudi kuandika habari zao ili wafadhili wasome. Jina la Mkurugenzi sitalitaja. Ana watoto wanaosoma, na mama yake bado anakwenda kanisani kila Jumapili, na yule mama hajanikosea kitu.

Alikuwa na sauti tatu. Akiwa na wazee aliongea Kikurya cha kasi, chenye vicheko na kupigana mabega. Kwa maofisa wa wilaya alikuwa na Kiswahili cha mikutano: "kimsingi", "kwa muktadha huo", "tunaupokea ushauri". Wazungu wakija alishuka. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini alikivuta polepole kama mtu anayepanda kilima na mzigo, na katikati ya sentensi alinyamaza, akatazama dirishani, akameza mate. Nilishamsikia akiongea Kiingereza kwenye simu na mtu wa Migori, ng'ambo ya mpaka, kuhusu bei ya gari. Hakumeza mate hata mara moja.

Na alikuwa na misemo. "Shida isiyoandikwa haipo." "Umaskini ni shamba, usilivune likaisha." Kila Januari alituita mezani na kuuliza, "Mwaka huu mvua inanyesha upande gani?" Maana yake: wafadhili wanataka nini? Mwaka mmoja mvua ilinyesha upande wa maji, tukawa watu wa visima. Mwaka uliofuata ikahamia kwenye mazingira, tukapanda miche ambayo hakuna aliyeimwagilia. Bango letu la barabarani lilipakwa rangi na kuandikwa upya mara tatu nikiwa pale. Fundi wa mabango alizoea kiasi kwamba aliacha kukwangua michoro ya zamani. Jua likiwaka sana, kisima cha mwaka wa kwanza kilionekana chini ya mti wa mwaka wa pili.

Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwizi tu. Mwizi unamchukia, unaondoka. Lakini mtu huyuhuyu, mwaka wa kwanza wa shirika, kabla sijaajiriwa, aliuza ng'ombe wake mwenyewe ili mhudumu na dereva wapate mshahara. Dereva alinihakikishia, alikuwapo mnadani. Na mimi mwenyewe nilimwona siku moja Machochwe, mvua imekata barabara, akimbeba mgongoni mama mwenye uchungu wa kuzaa na kuvuka naye mto wenye maji ya kiuno, akiteleza, akimwambia kwa Kikurya asimkabe shingo. Hakuna mfadhili aliyekuwapo. Kamera ilikuwa kwangu, na aliponiona nikiitoa alinikemea, "Weka hiyo! Hujui mtu akiwa hivi haangaliwi?"

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi kuliko misemo yake yote. Alijua. Hakuna atakayenidanganya kwamba hakujua.

Uongo ulianza na kodi ya nyumba. Hilo nalo lazima niliseme, kwa sababu waliokuja kumhukumu baadaye walitoka kwenye ofisi ambazo kodi yake hawakuwahi kuiwazia. Mfadhili alilipia semina. Alilipia chai ya semina, fulana za semina na mabango ya semina. Mlinzi hakumlipia. Umeme, kodi na mshahara wa mhudumu aliviita gharama za uendeshaji, na aliposikia maneno hayo alikunja uso kama aliyesikia harufu. Basi Mkurugenzi akafanya semina moja na kuandika tatu. Zile mbili hewa ndizo zilizomlipa mlinzi. Huko mwanzo, nadhani, ilikuwa hivyo kweli. Baadaye mlinzi alikuwa ameshalipwa na semina hewa ziliendelea.

Semina hewa inahitaji sahihi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tuliketi wafanyakazi wote kuzunguka meza, kalamu za rangi tofauti katikati, tukisaini majina ya wanawake wa vijijini. Mhasibu alikuwa hodari wa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa na mwandiko wa wasiojua kusoma. Tulitaniana, tulikunywa soda. Sikuona kitu kibaya zaidi ya kuchelewa kurudi nyumbani.

Mama mmoja wa Ringwani alihudhuria semina yetu ya ufugaji wa kuku miezi minne baada ya kuzikwa. Mimi ndiye niliyemsainia.

Mkaguzi aliyetumwa na wafadhili alifika Ringwani na orodha mkononi, akaomba kumwona yule mama. Mwenyekiti wa kijiji akamjibu, "Huyo tulishamzika." Mkurugenzi hakutikisika. Alimgeukia mkaguzi na ile sauti yake ya kupanda kilima.

"Kwetu majina yanarithiwa. Aliyehudhuria ni binti yake. Ni mila yetu, na tunawaomba muiheshimu."

Mkaguzi aliona aibu, akaandika kwenye daftari. Tukiwa garini kurudi Tarime, Mkurugenzi alipiga usukani kwa kiganja na kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Mila!" alisema. "Mila haina risiti!" Mimi nilicheka pia, na nilicheka kwa sauti.

Kuna watu wachache waliomweza. Kewanja, pembeni ya ule mgodi mkubwa, watu wamehojiwa na kila aina ya mtu mwenye daftari. Tulikwenda kule na dodoso la kurasa kumi na moja. Mama mmoja muuza ndizi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza Mkurugenzi, "Mwaka juzi mlituita wanufaika. Mwaka jana mkatuita waathirika. Mwaka huu sisi ni nani?"

"Mama, mwaka huu ni wadau."

"Mdau anakula nini?"

Watu waliangua kicheko. Mkurugenzi alicheka nao, akanunua ndizi zake zote na kutugawia garini. Alikuwa mwepesi wa mkono, hilo halikuwa la kuigiza. Kisha akaniambia nimwandike yule mama kama mtu aliyepokea elimu ya ujasiriamali, na biashara yake ya ndizi ikakua.

Hayo yote niliyavumilia. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ni dogo na baya: mshahara ulikuwa unaingia, na nyumbani kwetu niliitwa mtu wa shirika. Naomba nimzungumzie sasa Bhoke, maana hayo mengine ningeweza kuishi nayo.

Bhoke alikuwa mjane wa Machochwe. Mume wake aliuawa na tembo akilinda mahindi, karibu na mpaka wa hifadhi. Nilipofika kwake alikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Alinipikia ugali wa mtama na mboga ya majani, na baba mkwe wake, mzee mrefu mwenye jicho moja lililoingia ukungu, akaja kuketi nasi. Huyo mzee ndiye aliyeezeka upya nyumba ya Bhoke baada ya msiba. Shemeji yake alimlimia shamba kwa ng'ombe wake kabla ya kulima lake. Nilipowasha kinasa sauti na kumuuliza angependa dunia ijue nini, Bhoke aliwaza kidogo.

"Andika kwamba baba mkwe wangu ni mtu," alisema.

Nikaandika. Alibonyeza kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa, nikampiga picha amembeba mtoto, nyuma yake shamba lililokanyagwa. Ilikuwa picha nzuri. Nilirudi Tarime nikijivuna.

Mkurugenzi aliisoma habari ile amesimama.

"Hii haiuzi," alisema.

"Mkuu, mume wake ameuawa na tembo."

"Tembo ilikuwa mwaka juzi. Mradi wa mwaka huu ni ukatili dhidi ya wajane. Hapa ukatili uko wapi?"

"Haupo."

"Utafute."

"Lakini yeye mwenyewe amesema..."

"Mwanangu." Aliniwekea mkono begani, mkono mzito, wa kibaba. "Wako wajane mia walionyang'anywa mashamba na hawana picha nzuri. Huyu ana picha nzuri na hakunyang'anywa. Tunawaazima uso tu. Pesa ikija, wote watakula, na yeye pia. Nani ataumia? Machochwe nani anasoma Kiingereza?"

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Niliketi kwenye kompyuta nikaandika sentensi mbili: kwamba baada ya mazishi baba mkwe na shemeji walimnyang'anya Bhoke shamba na kumpiga, na kwamba shirika letu lilimwokoa na kumrudishia matumaini. Ilinichukua dakika tano. Nakumbuka nilibadili neno moja, nikaona linasikika vizuri zaidi.

Pesa ilikuja. Pia zilikuja kalenda za ukutani, karatasi nene inayong'aa, na Bhoke ndiye aliyekuwa mwezi Juni. Tulizigawa kwenye zahanati, ofisi za kata na shule. Kwenye shule moja ya Machochwe kulikuwa na mwalimu wa kike aliyehamishiwa kutoka Mbeya. Alisoma maneno ya chini ya picha, akawatafsiria wenzake kwa huruma, akiuliza kama wanamfahamu yule mama wafanye mchango. Mwalimu mmoja alikuwa wa ukoo ule. Aliitoa kalenda ukutani, akaikunja, akampelekea mzee.

Ukoo ukaita ritongo, baraza lao la wazee, na shirika tukaitwa. Tulikwenda mimi na Mkurugenzi. Wanaume waliketi kwenye viti vya miguu mitatu uani kwa mzee, wanawake pembeni chini. Kalenda iliwekwa katikati, imeelemezwa jiwe isipeperuke. Bhoke alikuwa amesimama peke yake karibu na zizi.

"Mimi sikusema," alirudia. "Tata, baba yangu, sikusema maneno hayo."

Mzee alinigeukia mimi, akanitazama kwa lile jicho moja zima.

"Binti, uliketi hapa. Ulikula hapa. Bhoke alikwambia nilimpiga?"

Nilifungua mdomo. Mkurugenzi akawahi. "Tata, anayotuambia mhusika ni siri yake. Sheria hairuhusu kijana wangu kujibu hilo." Kisha akatoa kwenye mkoba ile fomu ya ridhaa, yenye alama ya kidole gumba, akaionyesha huku na huku. "Sisi tunaandika tu yale mtu aliyoyakubali."

"Kidole ni chako?" mzee akamuuliza Bhoke.

"Kidole ni changu, lakini..."

"Basi."

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda kusimama akiwa ametupa kisogo, akitazama ng'ombe. Bhoke akanigeukia. "Dada," alisema, "si ulikuwepo? Sema." Watu wote walinitazama. Niliangalia jiwe lile juu ya kalenda, jiwe la kawaida, la mafiga. Niliendelea kulitazama mpaka baraza likavunjika.

Msimu wa kulima ulipofika, ng'ombe wa shemeji walipita kando ya shamba la Bhoke bila kuingia. Hakuna aliyempiga wala aliyemfukuza. Waliacha tu kumsalimia. Baada ya miezi michache akafunga mzigo akaenda kwa kaka yake Ringwani. Watoto walibaki, hata yule mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, kwa kuwa mahari ya ng'ombe ililipwa na watoto ni wa ukoo wa baba.

Habari hiyo mimi ndiye niliyeipeleka kwa Mkurugenzi. Nilisimama mbele ya meza yake. Alinisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa taratibu, nikadhani amepatwa na uchungu. Alipofumbua alisema, "Sasa unaona? Habari yetu imekuwa kweli."

Sikuelewa mara moja.

"Shamba hana tena. Ukoo umemtenga. Mkaguzi akija leo hakuna uongo pale. Nenda Ringwani ukampige picha mpya, wafadhili wanapenda kufuatilia mtu mmoja hatua kwa hatua."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo cha ofisi. Mlinzi aliniletea maji kwenye kopo. Yule mlinzi ambaye, kwa ajili yake, eti, tulikuwa tumeanza yote.

Niliacha kazi wiki ile. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda Machochwe moja kwa moja. Nilikwenda baada ya mwezi mzima, nikiwa nimeshindwa kula vizuri. Mzee nilimkuta akichonga mpini wa jembe. Nilimwambia yote: sentensi mbili, dakika tano, mkataba. Aliendelea kuchonga mpaka nilipomaliza.

"Ungesema siku ile," alisema. "Siku ile palikuwa na watu." Kisha, akiuweka mpini chini: "Mwambie arudi, kama bado anataka kurudi kwa watu waliomwamini mgeni kuliko yeye."

Nilikwenda Ringwani. Bhoke hakutoka nje. Kaka yake alisimama mlangoni na kuniambia, "Amesema amekusikia." Hapakuwa na kiti wala maji ya kunywa. Baadaye nilipata habari kwamba alikwenda Machochwe, akamchukua yule mtoto mdogo kwa ruhusa ya mzee, akarudi naye Ringwani. Wakubwa wawili wanakwenda kumwona likizo. Mzee alimpelekea mtamba mmoja. Ndivyo lilivyoishia, na mimi sina nilichochangia humo zaidi ya kuliharibu.

Shirika lenyewe lilikufa bila kelele. Mfadhili mkubwa alihamia nchi nyingine, mwingine akaleta wakaguzi wasiojali mila, wafanyakazi wakaachwa na madai yao. Nilisikia Mkurugenzi amekuwa mshauri, mara amekuwa mzee wa kanisa. Mimi nilihamia Mugumu, nikakopa kwenye kikundi cha akina mama, nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi. Nachapa barua za maombi ya kazi, mikataba ya viwanja na ratiba za mazishi. Naandika vile mtu anavyonitajia, na namsomea kabla hajalipa.

Mwaka huu, asubuhi moja yenye vumbi, aliingia dukani. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, shati limenyooshwa vizuri. Mguuni alikuwa na kandambili. Nasikia kisukari kimemvimbisha mguu mmoja.

"Shikamoo," nilisema. Ulimi haukunipa nafasi ya kuchagua.

"Marahaba, mwanangu! Kumbe uko huku! Nilisikia." Alifurahi kweli. Aliuliza habari za mama yangu kwa jina, akakumbuka mguu wake mbovu. Kisha akatoa flashi. "Nichapie kurasa sita tu. Tunaanza upya. Shirika dogo, safari hii la vijana na wasichana."

Nilichomeka flashi. Nilikuwa nimejiambia nitachapa bila kusoma. Lakini nimesoma kazi ya mtu huyu miaka sita, macho yangu yalikwenda yenyewe mpaka ukurasa wa nne, mahali pa ushuhuda. Kulikuwa na habari ya binti mmoja wa Tarime, aliyetoka katika familia iliyotaka kumwoza kwa nguvu, akakimbia, akaokolewa na Mkurugenzi huyu, akafundishwa kompyuta, na leo anamiliki duka la kuchapa Mugumu na kuwaajiri wenzake wawili.

Sina mfanyakazi hata mmoja. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kunichagulia hata rangi ya gauni.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Mwanangu, jina sijaweka."

"Baba yangu amekufa. Unamwandika alitaka kuniuza?"

"Nani anasoma Mugumu?" alisema kwa upole. "Na kompyuta si ulijifunzia kwangu? Duka si unalo? Sijakuandika vibaya. Nimekuandika umefanikiwa."

Nilichomoa flashi, nikaiweka kaunta. Mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa alirudi nyuma hatua moja.

"Toka," nilisema.

Hakukasirika. Aliichukua, akaipangusa kwenye shati. "Utakuja kuelewa," alisema, akavuka barabara taratibu, akivuta ule mguu uliovimba, akaingia duka la jirani. Punde nikaisikia mashine ya jirani ikianza kuvuta karatasi. Nilihesabu mpaka sita.

Nilikuwa nimesimama mlangoni alipotoka na bahasha kwapani. Alisimama ng'ambo ya barabara, akanitazama, akalitazama bango la duka langu, akatoa simu mfukoni na kuiinua. Nilijua anachofanya. Sikuwa na jiwe la kumrushia. Nikageuka kwa nguvu, nikampa mgongo, nikabaki hivyo nimeshika mlango mpaka niliposikia bodaboda ikimbeba.

Nilikuwa nimeshaketi, namalizia kopi ya yule mteja, ndipo nilipokumbuka. Miaka sita nilipanga picha za lile shirika, na najua ni zipi wafadhili walizikodolea macho kuliko zote: mwanamke amegeuka, amesimama mlangoni, uso hauonekani. Picha ya namna hiyo haihitaji hata fomu ya ridhaa. Chini yake tulikuwa tukiandika: Sura imefichwa kwa usalama wake.